Kompyuta ya Betri Mbili

Kila ninapopita mbele ya fundi simu nikasikia harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka, miguu yangu inasimama. Imesimama Tunduma, imesimama Songea nyuma ya stendi, imesimama ng'ambo ya Ruvuma katika mji ambao sikujua hata namna ya kuomba maji kwa lugha yao. Fundi huinua kichwa akidhani nimeleta simu, nami husema naangalia tu. Ule moshi mwembamba, wenye utamu kama wa utomvu uliokaribia kuungua, hunirudisha kwenye sebule moja ya Shangani, mjini Mtwara, mbele ya kompyuta niliyoijenga kwa mikono yangu nikiwa bado navaa sketi ya bluu ya shule ya msingi. Nasema kompyuta. Wapo waliocheka nilipoiita hivyo, na wapo wanaocheka hadi leo nikiwasimulia. Wacheke watakavyo, jina sibadilishi.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka neno hilo lilivyokuwa likitamkwa siku zile. Shuleni kwetu hakuna mwalimu aliyewahi kuigusa, lakini wote walituonya kwamba asiyeijua ataachwa. Tulikuwa tukiogopa kuachwa na kitu ambacho hakijawahi kupita mtaani kwetu. Kwa hiyo mtaelewa ilikuwaje siku Baba aliporudi nayo nyumbani.

Baba alikuwa mtunza bohari katika ofisi moja ya serikali, Mbena wa Njombe aliyehamishiwa kusini akiwa kijana, na koti la baridi ambalo alilitundika nyuma ya mlango siku ya kwanza na hakulivaa tena. Ofisi yao ilipoletewa kompyuta mpya, yeye aliruhusiwa kuichukua ile ya zamani. Aliileta kwa baiskeli. Kioo kilifungwa kwenye keria kwa mipira, boksi lake limeegeshwa kwenye fremu, naye akitembea pembeni polepole kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Majirani walitoka nje.

"Baba Vero, umenunua televisheni?"

"Kompyuta," alisema Baba, bila kusimama na bila kugeuza shingo, na nikaona mgongo wake ukinyooka.

Aliiweka sebuleni juu ya kabati, mahali palipokuwa pa redio, na redio ikahamia dirishani. Mama aliizunguka, akaipima kwa uzi kama anampima mtu nguo, na baada ya muda si mrefu ikawa na mavazi yake: kitambaa kimoja cha kioo, kimoja cha boksi na kimoja kirefu chembamba cha kibodi, vyote vyeupe vyenye ukingo wa njano. Ndivyo nyumba zetu zilivyokuwa. Chupa ya chai ilikuwa na kitambaa, viti vilikuwa na vitambaa, na kitu chenye heshima kuliko vyote kilivishwa kuliko vyote. Mgeni akija, Mama alikikunja kile cha juu kwa vidole viwili, mgeni akatazama, akasema "Aisee," kisha kikarudishwa.

Haikuwashwa hata siku moja. "Umeme wa Mtwara utaiua," Baba alikuwa akisema, na hilo halikuwa na ubishi, kwa maana kila mtu alikuwa amezika kitu kwa sababu ya umeme wa Mtwara, pasi, redio, jokofu. Mimi niliamini kwamba imelala. Niliamini pia kwamba ndani yake mmejaa kila kitu ambacho ofisi ya Baba ilijua, majina ya watu wote wa mkoa, bei ya korosho, nani atafaulu na nani atafeli, na ndiyo sababu boksi lilikuwa zito. Nikibaki peke yangu sebuleni nilikuwa nainamia kwenye kitambaa na kuinong'oneza maswali. Sikusikia majibu, lakini nilipewa heshima ya kutokatishwa maneno, jambo ambalo katika nyumba ya watu wazima ni adimu.

Swali nililoiuliza mara nyingi zaidi lilikuwa kama nitachukuliwa.

Mama yangu alikuwa Mmakonde wa Nanyamba. Kwa watu wake, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Kwa watu wa Baba, mwenye neno ni baba. Nyumbani kwetu desturi hizi mbili ziliishi chumba kimoja bila kugombana, kwa sababu hakuna aliyeziamsha. Aliyeziamsha ni Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam na kuuza vipuri vya magari. Kabla yangu alikuwa amemchukua Anjela, mtoto wa mama yangu mkubwa, kwa ahadi ya shule nzuri. Anjela alirudi mara moja tu, Krismasi. Tulipokuwa tunacheza nilimshika mikono, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa sabuni ya kufulia hadi ngozi ikawa nyeupe. Nikamuuliza yuko darasa gani.

"La jikoni," alisema, akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa Mjomba alikuwa amepiga simu ofisini kwa Baba kwamba anakuja kunichukua mimi. Niliyasikia hayo nikiwa nimejilaza kwenye mkeka, nimefumba macho, jioni moja baada ya chakula.

"Nimemwambia hapa kuna kompyuta," Baba alikuwa akisema. "Nimemwambia Vero atajifunzia hapahapa, hana haja ya Dar."

"Akasemaje?"

"Kasema anakuja kuiona kwa macho yake. Akiikuta inafanya kazi, mtoto anabaki. Asipoikuta inafanya kazi, anaondoka naye."

Mama alivuta uzi wake wa kufumia. "Na inafanya kazi?"

"Umeme wa hapa si unaujua," Baba alisema.

Siku iliyofuata nililiona begi dogo la kahawia limetolewa uvunguni na kufutwa vumbi.

Nilimkimbilia Somoe. Alikuwa jirani yangu na rika langu, watu wao ni wa Mikindani, baba yake akiuza samaki wakavu. Mdomo wake haukuwa na mlango. Nilimweleza yote, naye akanisikiliza huku akimenya ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu, na kuila.

"Basi ishu ndogo," alisema. "Tuiamshe."

"Baba kakataza kuigusa."

"Na mjomba wako akikubeba, baba yako atakataza pia? Lete kisu."

Tulisubiri Jumamosi, Mama yuko sokoni na Baba kazini. Tuliivua vitambaa vyake, tukavikunja vizuri kitandani, tukafungua skrubu za boksi kwa ncha ya kisu cha jikoni. Ubavu wa bati ukatoka na sauti ya kukoroma. Tukachungulia.

Hamkuwa na kitu. Kulikuwa na chuma kizito cha kupokea umeme kwa juu, nyaya chache zilizokatwa, na nyumba ya nyigu iliyojengwa kwa udongo kwenye kona. Mahali pengine pote palikuwa hewa na vumbi. Uzito wote niliouheshimu ulikuwa wa kile chuma.

Somoe alishika kiuno. "Vero, wamemwibia baba yako!"

Nami niliamini hivyohivyo. Nilimwona Baba akitembea na baiskeli yake mgongo umenyooka, amebeba boksi tupu, na kule ofisini watu wakichekeana nyuma ya madirisha. Hasira iliyonipata siku ile sijaipata tena hata nilipodhulumiwa mimi mwenyewe ukubwani, na nimedhulumiwa. Nikasema Baba asijue. Nikasema Mjomba asijue. Nikasema boksi hili haliwezi kubaki tupu.

"Tutalijaza nini?" Somoe aliuliza. "Mihogo?"

Kisha akanyamaza, na Somoe kunyamaza ni habari. Akakimbia kwao, akarudi na kopo la biskuti. Ndani yake, chini ya vifungo na sindano, mlikuwa na gemu la matofali.

Mnalijua. Lile la kushika mkononi, lenye kioo cha kijivu ambamo matofali meusi yanashuka na wewe unayapanga yasije yakajaa. Kaka yake Somoe alikuwa akivusha bidhaa upande wa Msumbiji, na alirudi nalo safari moja, likatikisa mtaa mzima. Tulipanga foleni kulicheza. Halafu baiskeli ikalikanyaga. Ganda lilipasuka, vitufe vikapotea kwenye mchanga, lakini ukiligusisha nyaya kwenye betri bado liliimba wimbo wake wa kufungulia. Kaka mtu alilitupa. Somoe alikuwa amelihifadhi, kwa sababu, alisema, kitu kinachoimba hakijafa.

Sitawaeleza kwamba tulijua tunachofanya. Tulikuwa tunajua vitu vidogovidogo, kila kimoja kutoka mahali pake. Nilijua risasi inayeyuka, kwa kuwa nilimwona fundi redio. Tukabandua risasi kutoka kwenye redio iliyokufa ya kwa kina Somoe, tukachoma spoku ya baiskeli kwenye jiko la mkaa hadi ikawa nyekundu, tukiishika kwa gunzi la mahindi tulilolichomeka upande mmoja. Tulitumia waya wa simu ya mezani, ule mwembamba wenye rangi. Kila mahali palipokuwa na kitufe kwenye gemu tukalehemu nyaya mbili, tukazitoa hadi kwenye kibodi. Kibodi tuliifungua, na chini ya vitufe vinne vya mishale tukaweka vipande vya karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti za sigara, ili ukibonyeza zigusane. Karatasi hizo aliziokota Somoe nje ya kilabu cha pombe, amejitanda khanga hadi machoni. "Nikionwa," alisema, "nitasema ni wewe."

Kwenye uso wa boksi palikuwa na kifuniko kirefu cha plastiki, palipokuwa pa kuingizia santuri za kompyuta. Tulikibandua, na kioo cha gemu kikakaa hapo kwa nyuma, kinachungulia kama mtu dirishani. Tulikishikiza kwa gundi inayovuja kwenye shina la mkorosho, ileile tuliyokuwa tukibandikia bahasha, tukakikaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Umeme tulichukua kwenye betri mbili kubwa za redio ya Baba. Redio ilikuwa na betri kwa ajili ya umeme ukikatika, na siku hizo kwa bahati ulikuwa ukiwaka vizuri, hivyo hakuna aliyegundua. Swichi ya kuwashia ikawa ileile ya boksi, ile kubwa ya mbele yenye mlio wa "tak".

Ilituchukua siku nyingi za kuibia. Tuliungua. Gundi iliteleza kwa joto, kioo kikaanguka ndani, tukaanza upya. Waya wa kushoto ulikuwa unapeleka matofali kulia, Somoe akasema tuache hivyo, kompyuta ni ngumu, watu wategemee kuhangaika. Nilikataa. Niliufungua nikaugeuza. Na mchana mmoja nilibonyeza swichi, boksi likaimba wimbo wake kwa sauti iliyokuwa kubwa kuliko zamani, kwa maana bati lilikuwa linaikuza, na tofali la kwanza likashuka katika lile dirisha. Nikabonyeza mshale wa kushoto. Likaenda kushoto. Somoe alijitupa kwenye kochi la Mama na kupiga miguu hewani. Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimeiuliza kompyuta maswali mengi kwa kunong'ona, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kujibiwa.

Mjomba alifika na vumbi la safari limegoma kutoka kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa mwili, mwenye saa kubwa, na alileta sukari na mkate wa Dar uliobonyea. Mama alikuwa amechinja kuku. Begi la kahawia lilikuwa mlangoni mwa chumba, limefungwa zipu. Somoe alikuwa amesimama barazani akijifanya kaja kuazima ungo.

"Haya, shemeji," Mjomba alisema kabla hajakaa. "Iko wapi hiyo mashine?"

"Kula kwanza, shemeji. Umechoka."

"Nitakula nikishaiona."

Baba alisugua viganja vyake. "Tatizo ni umeme wa hapa. Unapanda, unashuka. Kitu kile ni cha gharama."

"Mbona feni inazunguka vizuri tu?"

Wote tukaitazama feni. Ilikuwa inazunguka vizuri. Na redio dirishani ilikuwa inasoma habari kama kawaida.

"Baba," nikasema, "naomba niiwashe mimi."

"Vero."

"Najua namna yake."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto akikimbilia barabarani. Lakini Mama alikuwa ameshaanza kuvua vitambaa, kimoja kimoja, akivikunja. Nikasogea. Tak. Wimbo ukaimba, na sebule nzima ikaruka, Mama akashika kifua. Matofali yakaanza kushuka.

Mjomba aliinama hadi tumbo likagusa kabati. "Kioo kikubwa mbona kimezima?"

"Kile ni cha ofisini, Mjomba," sauti ya Somoe ikatoka barazani. "Nyumbani kinatumika hiki kidogo. Hakili umeme."

Nilisubiri bati la paa litushukie kichwani. Mjomba alijikohoza. "Aa, najua," akasema. "Hizi za kioo kidogo hata Dar zipo. Wenye maofisi wakubwa ndio wanazo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hajawahi kugusa kompyuta. Mtu mzima mwenye saa kubwa, aliyevuka Rufiji kuja kupima nyumba yetu, alikuwa anajua kompyuta kama nilivyokuwa naijua mimi nilipoinong'oneza. Woga wote ukanitoka.

"Na haya yanayodondoka ni nini?"

"Hesabu za maumbo," nikasema. "Unatakiwa uyapange. Ukikosea yanajaa, unafeli."

"Sogea nione."

Alikaa kwenye kiti, akaanza kupiga kibodi nzima kwa viganja kama anayekanda unga. Nikamwonyesha mishale. Tofali la kwanza lilimshinda, la pili likamshinda. La tatu akalipatia, akasema "Ehee!" na kugeuka kuona kama tumemwona. Baada ya hapo hatukuwepo tena. Alilegeza tai. Jasho lilimtoka. "Pita hapa, wewe! Pita, pita! Aisee, ngoja kidogo, ngoja!" Yakajaa, wimbo wa kufeli ukaimba, akaniambia nianze tena. Mama alikuwa anauma ncha ya khanga yake. Baba hakuwa akimwangalia Mjomba. Alikuwa anaangalia lile dirisha dogo, kisha ananiangalia mimi, kisha dirisha.

Umeme ukakatika.

Feni ilizunguka kidogo kwa mazoea, ikachoka, ikasimama. Redio ilikata habari katikati ya jina la mtu na haikuendelea, kwa sababu betri zake zilikuwa pengine. Kimya kilichokuja mnakijua wenyewe, kile cha mtaa mzima kushusha pumzi kwa pamoja. Na ndani ya kimya hicho, bila haya, bila kujua lolote, boksi letu liliendelea: pip, pip, pip.

Mimi na Somoe tulikuwa tumefikiria kila kitu isipokuwa hili. Tulikuwa watoto wa Mtwara. Kwetu kitu kizuri kilikuwa kile kisichozimika umeme ukikatika, na tulijitahidi kitu chetu kiwe kizuri. Haikutujia hata kidogo akilini kwamba kompyuta ya kweli ilitakiwa ife pamoja na feni.

Mjomba aliacha mikono yake hewani. Aliitazama feni. Aliutazama waya wa boksi, akaufuata kwa macho hadi ukutani, na ukutani haukuwa umechomekwa popote. Akasimama, akavuta ule ubavu wa bati, ambao hatukuwahi kuurudishia skrubu zote, ukamjia mkononi. Ndani mlikuwa na betri zetu, mipira yetu na gundi yetu ya mkorosho inayong'aa.

Alicheka hadi akashika ukuta. "Tochi! Shemeji, umenipandisha basi kutoka Dar nije kuona tochi inayoimba! Kompyuta ya Mtwara hii! Jamani!" Akanyoosha mkono kung'oa betri.

"Usiiguse," nikasema.

Sikupaza sauti, lakini mkono wake ulisimama. Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia hivyo.

"Ni kompyuta," nikasema. "Umeikubali mwenyewe. Umekaa mwenyewe, umeshindwa mwenyewe."

"Mama Vero," Mjomba alimgeukia dada yake, kicheko kimekatika, "unasikia mtoto wako? Huyu ndiye anayefundishwa hapa. Shemeji, tulikubaliana. Nimekuta boksi tupu. Naondoka naye."

"Sikulipata likiwa zima," Baba alisema.

Alisema polepole, akitazama meza. "Walitoa kila kitu mbele yangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewashikia bisibisi. Nilijua ni tupu tangu siku nilipoliweka kwenye baiskeli." Akaniangalia. Wiki zote zile tulizoficha vidole vilivyoungua ili Baba asijue kwamba ameibiwa, naye alikuwa akituficha sisi. "Sisi wakubwa tuliona tulifunike kwa kitambaa. Huyu kaliwekea kitu ndani, na kikafanya kazi, na wewe umekiamini. Basi haendi popote."

"Neno si lako, shemeji. Unajua kwetu ikoje."

"Najua kwenu. Na wewe unajua kwetu."

Desturi zile mbili zikawa zimesimama sebuleni zinatazamana, na kompyuta ikaimba wimbo wa kufeli kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaicheza. Wanaume wote wawili wakamgeukia Mama.

Mama hakuwa mtu wa maneno. Aliviweka vile vitambaa kitini, akazungumza na kaka yake kwa Kimakonde, kwa sauti ileile aliyotumia kuniambia nichote maji. Baba aliishi kusini miaka yote ile bila kujifunza lugha hiyo zaidi ya salamu. Mimi niliielewa yote. Alisema: "Kaka, mjomba ana neno kwa sababu dada zake wamempa. Dada yetu alikupa la kwake, ukamrudishia mtoto mwenye vidole vilivyochubuka. La kwangu nabaki nalo. Usilitaje tena ndani ya nyumba hii."

Mjomba alitafuta kiti akakaa.

"Mmesema nini?" Baba aliuliza.

"Nimemwambia chakula kiko tayari," Mama alisema. "Vero, mnawishe mjomba wako."

Nimekwenda kwingi tangu siku ile. Watu wananiita mtu asiyetulia, na ni kweli, kila mji nimeuacha nilipoona umenichosha. Lakini mara ya kwanza kuondoka nyumbani niliondoka mwenyewe, baada ya kidato cha nne, siku niliyoichagua mimi, na hakuna mtu aliyenibebea begi. Ninapoulizwa kwa nini sijali watu wanaocheka vitu nilivyojenga kwa mabaki ya wengine, huwa sijibu, maana jibu ni refu na linaanzia kwenye lile beseni la kumnawishia Mjomba.

Nilipiga magoti mbele ya Mjomba nikiwa na beseni na jagi, taulo begani, kama inavyotakiwa. Mtoto anayemnawisha mkubwa huangalia maji. Mimi nilimwangalia machoni. Maji yalijaa kwenye viganja vyake, yakafurika, yakatiririka hadi kwenye ile saa, na sikushusha macho. Aliyeshusha ni yeye. Akakung'uta mikono, akaanza kutafuta taulo huku na huko, mezani, kitini, kwenye mkono wa kochi. Lilikuwa begani kwangu. Nikamwacha alitafute.